NJIA ZA RELI ZA MASHAMBANI KUGEUZWA BARABARA ZA UMMA
(Matini ya mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi)



Wakaazi wa Unguja wamesimuliwa habari za gari moshi la Bububu, lililoanza safari zake mwaka 1905, maili saba kutoka mjini, kisha likapitwa na motokaa. Ni wachache wanaojiuliza: reli inapokufa, ardhi iliyokuwa chini yake huwa ya nani? Swali hilo lilikikabili kisiwa cha Hawaii, na jawabu lake likagharimu fedha nyingi.

Katika pwani ya Hamakua, kaskazini ya mji wa Hilo, mashamba ya miwa yalitenganishwa na makorongo ya kutisha. Baina ya mwaka 1909 na 1913 kampuni ya reli ilijenga njia hadi Paauilo, ikatandaza madaraja marefu ya chuma juu ya makorongo hayo. Gharama zilizidi kiasi hata kampuni ikafilisika, ikaundwa upya mwaka 1916.

Tarehe 1 Aprili, 1946, mawimbi yaliyotokana na tetemeko la ardhi huko Aleutian yaliipiga Hilo. Watu zaidi ya 150 walifariki katika visiwa vya Hawaii. Stesheni iliharibiwa, daraja la mto Wailuku likasombwa, na lile la Kolekole likapoteza sehemu yake. Kampuni haikuweza kujenga tena.

Hapa ndipo pa kuzingatiwa. Serikali ya huko ilipewa fursa ya kuinunua njia hiyo, nayo ikakataa. Mali ikaangukia mikononi mwa wafanyabiashara wa chuma chakavu. Haukupita muda mrefu wahandisi wakabaini kwamba njia bora ya barabara ni ile ile ya reli. Gari moshi haliwezi mwinuko mkali. Kwa hiyo waliotangulia walikwisha kuitafuta njia ya wastani, ilhali barabara ya zamani ilikuwa ikishuka na kupanda kila bonde. Serikali ikalazimika kuyanunua madaraja kwa hao wenye chuma, kwa bei iliyopita ile waliyonunulia wao.

Kazi haikuishia kwenye malipo. Daraja la reli ni jembamba, halipishanishi magari. Mhandisi William Bartels aliyapanua kwa kutumia chuma kilichobomolewa katika madaraja mengine ya reli hiyo hiyo, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1950 motokaa zikawa zinapita Hakalau na Kolekole mahali palipopita sukari.

Kwa hivyo, afisa anayeletewa ombi la kiwanja juu ya tuta la reli ya zamani, na aitazame kwanza ramani kabla ya kutia saini.