Kitabu Kimejaa Tarehe, Kinga Je?

Mada kwa wahudumu wa afya ya jamii, Majengo, Meru



Ukitaja Majengo na virusi vya ukimwi mbele ya watafiti, watadhani unasema Majengo ya Pumwani, Nairobi, ambako tangu miaka ya 1980 Frank Plummer na wenzake waliwafuatilia wanawake wachache ambao virusi havikuwashika. Mimi nasemea Majengo hapa kwetu, na ile ya ndugu zetu wa Embu. Umaarufu huo hatuna, lakini watoto wenye virusi tunao.

Nyanya anafungua leso, anatoa kitabu cha kliniki. Chanjo ya BCG, ya kifua kikuu, ipo, na kovu lake liko mkono wa kushoto. Chanjo za penta za wiki ya 6, 10 na 14 zina tarehe. Surua, au ukambi, ya miezi 9 ipo, ya miezi 18 ipo. Unampongeza, naye anastahili. Ila mjukuu ana miaka mitano na alianza ARV, dawa za kupunguza makali ya virusi, akiwa na mitatu. Kitabuni amemaliza chanjo. Damuni huenda hana kinga ya surua hata chembe.

Chanjo huufundisha mwili kutengeneza kingamwili, na chembe za CD4 ndizo zinazosimamia kazi hiyo. Hizo hizo ndizo virusi hushambulia. Mtoto aliyedungwa wakati virusi vimetawala hujifunza nusunusu, kisha husahau upesi. Huko Lusaka, William Moss na wenzake walipima watoto ndani ya miezi 6 baada ya chanjo ya surua: asilimia 88 ya wenye virusi walikuwa na kingamwili za kutosha, na asilimia 94 ya wasio navyo. Ungesema wako sawa. Miezi 27 baada ya chanjo, wasio na virusi walikuwa asilimia 89. Wenye virusi, nusu tu. Hao wa mwisho walikuwa wachache, kwa sababu wenzao wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Wengi wetu hudhani ARV zikianza, mambo yote hurudi. Mimi mwenyewe kwa miaka niliangalia tarehe tu. ARV huziinua CD4, lakini somo lililopotea halirudi lenyewe; lazima lifundishwe upya. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka mtoto aliyeanza ARV adungwe surua tena CD4 zake zikishapanda.

Aliyeanza dawa mapema ana nafuu kubwa. Utafiti wa CHER wa Afrika Kusini, uliochapishwa 2008, ulionyesha kwamba kuwaanzishia watoto ARV kabla ya wiki 12 kulipunguza vifo kwa asilimia 76. Sasa tazameni kalenda yetu: wiki ya 6 ni siku ya penta ya kwanza, na ni siku ya kutoa tone la damu kisiginoni ili kupima virusi. Mama akikosa siku hiyo, mtoto amekosa yote mawili. Na aliyezaliwa na mama mwenye virusi hudungwa surua miezi 6, asingoje 9.

Tahadhari moja. BCG na surua ni chanjo hai, yaani zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mtoto mwenye virusi asiyetumia dawa hapewi BCG, na mwenye CD4 za chini sana husubirishwa surua. Uamuzi huo ni wa kliniki, si wa mlangoni.

Na mlangoni penyewe, jamani, nyumba zetu zinagawana ukuta. Jirani anasikia. Chumba cha chanjo hakijui kinachoendelea CCC, kliniki ya wenye virusi, na mama hatataja ARV mbele ya watu.

Kwa hiyo wiki hii, mkipata faragha, ulizeni mawili tu: mtoto alianza dawa lini, na surua alidungwa kabla au baada? Ikiwa alidungwa kabla tu, mleteni kliniki na kitabu chake.