Mabishano ya Wakubwa na Wajibu wa Askari

Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo, nyasi ndizo ziumiazo. Mwaka 1994 tembo hawakupigana. Walibishana tu, na nyasi zikateketea.

Aprili 7 mwaka huo, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza nchini Rwanda, wanajeshi kumi wa Ubelgiji waliuawa mjini Kigali. Ubelgiji ikaondoa kikosi chake. Marekani, iliyokuwa imepoteza askari 18 katika mapigano ya Mogadishu mwezi Oktoba 1993, haikutaka kuingia tena katika vita vya Afrika. Aprili 21 Baraza la Usalama likaamua kupunguza jeshi la Umoja wa Mataifa, lililokuwa na askari wapatao 2,500, hadi 270. Ufaransa, rafiki wa siku nyingi wa serikali ya Kigali, ilipeleka majeshi yake mwishoni mwa Juni, wakati mamia ya maelfu ya watu walikwisha kuuawa.

Waliobaki Kigali muda wote huo, wengi wao walikuwa askari wa Ghana, wakiongozwa na Brigedia Jenerali Henry Anyidoho. Zana zao zilikuwa haba, lakini maelfu ya raia waliokoka chini ya ulinzi wao na wa wenzao wachache.

Ni katika mwaka huo huo Malawi ilipofungua kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kiasi cha kilomita 40 kutoka Lilongwe. Zamani mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Kambi hiyo ilikusudiwa watu wasiozidi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, na Kiswahili ni lugha ya kila siku humo.

Mwaka 2003 Marekani na Ufaransa ziligombana vikali juu ya vita vya Irak. Hata hivyo, Mei 30 mwaka huo zilipiga kura pamoja, na kikosi cha Ulaya kikapelekwa Bunia, mashariki ya Kongo. Kililinda mji huo mmoja, na kufikia Septemba kikawa kimeondoka. Februari 2025 mambo yakajirudia. Washington na Ulaya zilikuwa zikivutana juu ya Ukraine, lakini Februari 21 Baraza la Usalama zima lilikubaliana kuwalaani waasi wa M23. Wakati huo Goma ilikwisha kutekwa. Wanajeshi wa Malawi, Tanzania na Afrika ya Kusini walikuwako huko, na baadhi yao walikwisha kuuawa. Machi 13 nchi za kusini mwa Afrika zikaamua kukomesha jukumu hilo.

Fundisho ni wazi. Wakubwa wakibishana, msaada huchelewa. Wakikubaliana juu ya Afrika, mara nyingi mapatano hayo huishia kwenye karatasi. Katika hali zote mbili, mzigo humwangukia askari wa Kiafrika.

Wala mzigo huo si wa jeshi peke yake. Mwaka 2023 serikali ya Malawi iliamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warudi Dzaleka, na polisi ndio waliotumwa kutekeleza amri hiyo. Mwanamke aliyeamriwa kufunga duka lake Lilongwe hakuwa mhalifu aliyekimbia sheria. Alikimbia vita ambavyo mataifa makubwa yalishindwa kuvizuia.

Askari haamui kura za New York. Hutii amri, na ndivyo nidhamu inavyotaka. Lakini namna ya kumshika mkono mtu asiye na silaha imo katika uwezo wake mwenyewe. Askari wa Ghana walilithibitisha hilo Kigali, na wale waliookolewa nao hawajalisahau.