Mwacheni Shahidi Aseme



Tukipigania haki, macho yetu huwa kwa mshukiwa. Lakini kesi nyingi huanza na shahidi. Akiulizwa vibaya, asiye na hatia hufungwa, na mhalifu hubaki mtaani.

Marekani, mwaka 1985, Ronald Cotton alihukumiwa kwa ubakaji manake mwathiriwa alimtambua. Mama yule hakusema uongo, aliamini kabisa. Mwaka 1995 vipimo vya DNA vikaonyesha aliyetenda ni mtu mwingine.

Kumbukumbu si video. Mwaka 1974, Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu za ajali za magari. Walioulizwa kwa neno kali, kwamba magari "yalibamizana", walitaja kasi kubwa kuliko walioulizwa kwa neno pole. Neno moja tu! Sasa, polisi akiuliza, "Alikuwa na koti jeusi, sivyo?", ameshamvisha mtu koti.

Dawa ipo, nayo ni mafunzo. Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni njia ya kumhoji shahidi katika miaka ya 1980. Wapelelezi wa Miami walipofunzwa njia hiyo, walipata habari zaidi kwa asilimia 47 kuliko walizopata kabla ya mafunzo.

Njia yenyewe si ngumu. Mtulize shahidi. Mwambie arudishe fikira pale pale: mwangaza, sauti, hata harufu. Mwache aeleze kwa maneno yake, usimkatize. Maswali baadaye, nayo yawe ya wazi. Na mwambie mapema kwamba "sijui" ni jibu halali.

Kwetu Kenya, wizi wa mabavu, kifungu 296(2), una hukumu ya kifo. Mahakama zetu zimeonya mara nyingi kuhusu ushahidi wa mtu mmoja aliyeona usiku. Basi sura ya mhalifu iandikwe jinsi shahidi alivyoieleza mwanzo, kabla ya gwaride la utambuzi.

Tudai mafunzo haya yawe ya lazima, Kiganjo na katika kila kituo. Nawe ukiitwa kuandikisha taarifa, usiseme usichokiona kwa kumridhisha afisa. Usomewe kwa lugha unayoielewa, urekebishe palipokosewa, ndipo utie sahihi. Sahihi yako yaweza kumfunga mtu.