Miche ya Kipaimara

Somo: Luka 13:6-9



Wakaao Machakos wanaijua baridi ya mwezi wa saba. Tangu Juni hata Agosti ukungu hukaa juu ya vilima vya Iveti na Mua, na sisi wachungaji huvaa sweta chini ya kanzu. Hatupati jalidi kama ile iliyounguza majani ya chai huko Kericho na Nandi mnamo Januari 2012. Baridi yetu hudanganya. Manyunyu hulowesha majani, nasi husema, "Leo hakuna jua, mche hauhitaji maji." Lakini mvua ya masika ilikwisha mwezi wa Mei, na ile ya vuli twaingojea Oktoba. Chimba kidogo tu, utakuta udongo mkavu kama unga.

Katika kanisa letu moja vijana 32 walipata kipaimara mwezi wa Aprili, na kila mmoja akapanda mche uani, miembe na miparachichi. Tuliomba, tukapigwa picha, tukala wali, tukaenda zetu. Mwezi wa Agosti tulihesabu iliyo hai. Ilikuwa tisa.

Mmoja ulikuwa na majani mapya. Ulikuwa wa mjukuu wa mama mmoja mzee, wa Umoja wa Akina Mama. Tukamwuliza, "Mwaitu, ulifanya nini?" Akatuonyesha. Alichimba kijishimo kama sahani kuzunguka mche, maji yasitoroke. Alitandaza nyasi kavu juu ya udongo, lakini akaacha nafasi ya kiganja pande zote za shina, maana mchwa wa kwetu ukiwapa nyasi watapanda mpaka kwenye gome. Upande wa upepo alisimamisha matawi ya miiba, na hayo yaliwazuia mbuzi pia. Kila Jumamosi alileta maji aliyosuuzia mboga. Akatuambia kwamba baridi hii hii ndiyo iamshayo maua ya mwembe mkubwa; mchanga ndio wa kushikwa mkono.

Kisha akauliza, "Na wale vijana, Mchungaji, wako wapi?"

Tulifungua daftari. Wengi walikuwa wamekwenda Nairobi na Athi River kutafuta kazi. Lakini mmoja hakwenda mbali. Yuko kituo cha bodaboda, karibu na lango la kanisa, nasi tulikuwa tukimpita kila siku na kumpungia mkono. Kumbe mkono ule ulikuwa manyunyu tu.

Mtunza shamba wa Luka hakubishana na bwana wake kwamba mtini ule hauna kosa. Aliomba mwaka mmoja zaidi, tena akaitaja kazi atakayoifanya yeye mwenyewe: kuupalilia na kuutilia samadi. Mara nyingi sisi tumeuomba mwaka bila kulitaja jembe.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kituoni, tukaketi naye kwenye benchi. Mwanzoni hakusema neno. Halafu akatuuliza kama mche wake ungali hai. Ilitubidi kumwambia kweli. Akanyamaza tena, kisha akasema mvua ikinyesha atakuja kupanda mwingine, ila tusimwite kwa ajili ya picha.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe miche tuliyoiombea tusiimwagilie maji. Umlinde kijana huyu barabarani, na mvua itukute tukiwa na jembe mkononi. Amina.