Chuo Kilicho Nyumbani: Natasha, Monalisa na Urithi wa Uigizaji

Mhadhara wa umma kwa wananchi wa Makanya, Wilaya ya Same



Nimekuja kuzungumza nanyi juu ya maisha na kazi ya mwigizaji wa filamu aliyekulia katika familia ya waigizaji. Mtu mwenyewe ni Yvonne Cherry, ambaye Watanzania wengi wanamfahamu kwa jina la Monalisa. Mama yake ni Suzan Lewis, yaani Natasha, mwigizaji aliyemtangulia katika kazi hii. Katika habari hii yumo pia marehemu George Otieno, maarufu kwa jina la Tyson, mwongozaji mzaliwa wa Kenya aliyefanyia kazi zake kubwa hapa nchini, ambaye aliwahi kuwa mume wa Monalisa.

Watu wakiwaona mama na binti katika filamu husema, mtoto wa nyoka ni nyoka. Wanaona limekwisha: damu imefanya kazi yake. Mimi nasema usemi huo unawanyima wote wawili haki yao. Unamnyima mama sifa ya kufundisha, na unamnyima binti sifa ya kujifunza. Uigizaji ni ufundi. Unakaa katika familia fulani kwa sababu huko ndiko unakofundishwa kila siku, bila ada wala fomu ya kujiunga. Hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo.

Ufundi usipokuwa na makao

Upande huu wa nchi si mgeni wa filamu. Ukifuata reli kutoka hapa Makanya kuelekea Tanga, unafika Korogwe, na juu yake katika milima ya Usambara kuna Vugiri. Huko, kati ya mwaka 1935 na 1937, serikali ya kikoloni na wamisionari waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya Waafrika. Zilitoka filamu 35, nyingi zikifundisha afya, kilimo na kuweka akiba. Msimamizi wake, Meja Notcutt, alikuwa ametokea kwenye mashamba ya mkonge, kazi ambayo Makanya inaijua vizuri. Mbele ya kamera waliwekwa wenyeji. Kwa hiyo Waafrika walikuwa wakiigiza filamu milimani, jirani na hapa, zaidi ya miaka 60 kabla ya filamu hizi tunazoziita Bongo Movie.

Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1950, ilitoka filamu ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Mwigizaji wake mkuu alikuwa kijana Rashidi Mfaume Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika mwaka 1962. Siasa ikamchukua.

Tazameni yaliyotokea. Mradi wa Vugiri ulifungwa, na hapakubaki shule ya uigizaji pale. Kawawa aliondoka kwenye filamu akaenda kulitumikia taifa. Vipaji vilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mahali pa kuutunza ufundi ili anayekuja aupokee kwa aliyetangulia.

Mama, binti na kamera

Televisheni binafsi zilianza Tanzania Bara mwaka 1994, na zikafungua mlango. Vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikitegemea jukwaa na redio vikaingia kwenye tamthilia za kila wiki. Monalisa alikulia katika mazingira hayo, akajulikana kwanza kupitia tamthilia ya Mambo Hayo. Kwake mwigizaji hakuwa mtu wa mbali wa kwenye kioo. Alikuwa mama yake mzazi.

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, filamu iliyoongozwa na Tyson, ikiwakutanisha waigizaji na wasanii wa bongo fleva kama TID na AY. Monalisa alikuwa miongoni mwa nyota wake. Vijana waliokuwa wamezoea kuangalia kanda za Marekani, India na Nigeria walijiona wenyewe, wakizungumza Kiswahili chao na kusikiliza muziki wao. Baada ya hapo soko la filamu za Kiswahili lilipanuka kwa kasi.

Tarehe 30 Mei 2014 Tyson alifariki kwa ajali ya gari Gairo, mkoani Morogoro, akitokea Dodoma. Monalisa aliendelea na kazi. Mwaka 2018 alitunukiwa nchini Ghana tuzo ya mwigizaji bora wa kike ya African Prestigious Awards. Wengi walioanza naye hawapo tena mbele ya kamera. Kudumu namna hiyo hakuletwi na sura nzuri.

Kinachofundishwa nyumbani

Mtoto wa mwigizaji anajifunza nini ambacho mwenzake hakipati? Nitaje mambo machache ya kazi. Filamu haichukuliwi kwa mpangilio wa hadithi. Leo mnaweza kuigiza msiba, kesho mkaigiza harusi iliyotangulia msiba huo. Mwigizaji akitoka mlangoni amevaa kitenge cha kijani na nywele zimesukwa, kipande cha pili kikichukuliwa baada ya siku tatu, kitenge kiwe kile kile na msuko ule ule, la sivyo mtazamaji atashtuka. Kwa kuwa waigizaji wetu wengi hutumia nguo zao wenyewe, kitenge hicho hakifuliwi ovyo wala hakiazimwi na mtu. Tena kilio cha kwanza kikiharibiwa na honi ya pikipiki, unatakiwa ulie upya, kwa uchungu ule ule.

Mtoto anayeyaona hayo sebuleni kwao anajua mapema kwamba kazi hii ina nidhamu. Tena ana mtu wa kumwambia mkataba upi asaini na upi aukatae. Kwa msichana ngao hiyo ni kubwa sana, maana jamii yetu bado ni nyepesi kumwita mwigizaji mhuni, na wapo wanaoitumia shida ya chipukizi kumdhalilisha. Msichana wa Makanya akishuka basi Dar es Salaam peke yake, nani atamwambia hayo?

Hapa Upareni tuna mfano wetu wa mali ya ukoo inayowafikia wengi. Ndiva, yaani mabwawa ya maji ya kumwagilia, zilichimbwa na koo. Maji ya mlimani hukusanywa usiku, asubuhi ndiva inafunguliwa, mfereji unapeleka maji mashambani kwa zamu. Ukoo uliochimba unaheshimiwa, lakini leo wanaomwagilia ni wengi kuliko ukoo huo. Ufundi wa uigizaji nao umehifadhiwa na familia chache, na tunazishukuru. Sasa uchimbiwe mfereji uwafikie wengine.

Wajibu wetu

Misingi ipo. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo kilianza mwaka 1981 na leo ni TaSUBa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonesho. Huko ndiko alikofundisha Profesa Amandina Lihamba, aliyeigiza katika Arusi ya Mariamu na Maangamizi. Sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 inatambua haki za waigizaji. Hata hivyo kwa miaka mingi filamu ziliuzwa moja kwa moja kwa wasambazaji, mwigizaji akalipwa mara moja, na filamu ikaendelea kuuzwa bila yeye kupata kitu. Mzazi mwigizaji anayelipwa namna hiyo humwachia mtoto ufundi na jina, lakini hamwachii kipato.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Walimu, rudisheni vikundi vya maigizo shuleni, vifanye mazoezi mwaka mzima badala ya kusubiri ziara ya mgeni rasmi. Wazazi, binti akisema anataka kuigiza, msimfukuze wala kumcheka. Mwulizeni atajifunzia wapi na kwa nani, kisha mfuatilieni. Vijana, msikubali kufanya kazi bila mkataba wa maandishi unaosema mtalipwa nini filamu ikiuzwa tena.

Natasha alimlea mwigizaji mmoja nyumbani kwake. Shule moja ya kata yenye mwalimu anayeujua ufundi huu inaweza kuwalea wengi. Tuanze na shule zetu za Makanya.