Safari ni moja, franga ya njia iko wapi?

Hotuba yetu kwa vijana wa Kadutu na Bagira. Bukavu, Novemba 2024



Hatukuja kulia mbele yenu. Tumekuja kufanya hesabu pamoja. Wengi wetu tumemaliza iniversite, diploma ziko ndani ya sanduku, na wengine kati yetu wanaendesha moto ya mtu ili wapate ya kula. Njo maana tukizungumza juu ya usafiri, hatuzungumzi kitu cha kusikia. Tunazungumza mkate wetu.

Tumufuate mama mmoja anayetoka Kalehe na mifuko miwili ya mihogo. Alfajiri anashuka na mzigo ku kichwa mpaka ku ziwa. Pale hakuna gati, kuna matope na mawe. Analipa boti. Akifika Bukavu, analipa kijana wa kumushushia mizigo. Analipa moto ya kumupandisha mpaka soko la Kadutu, ku njia ambayo mvua ikinyesha inageuka mto. Na njiani kila hatua kuna mtu anayenyoosha mkono: taksi hii, taksi ile, mara na karatasi, mara bila karatasi.

Kwa yule mama, hiyo ni safari moja. Kwa leta, ni vitu vitatu visivyojuana. Ziwa liko na ofisi yake, barabara iko na ofisi ingine, na njia ya mguu haina ofisi kabisa. Kulipisha, wote wanamuona. Kutengeneza, hakuna anayemuona.

Ndugu zetu, kutojuana huko kunaua. Tangu Februari mwaka huu vita vilifunga barabara ya Goma kupitia Sake na Minova. Watu walifanya nini? Walihamia ku ziwa. Mtu, maharagwe, mbuzi, magodoro, vyote ndani ya boti. Barabara ilipokufa, nani aliongeza hata gati moja? Tarehe 3 Oktoba, boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama karibu kabisa na bandari ya Kituku, watu wa Goma wakiiona kwa macho. Siku ileile guvernere wa jimbo letu alizungumzia watu 78 waliokufa, na akasema itaomba siku kadhaa ili kujua hesabu ya kweli. Sikieni vizuri: siku kadhaa ili kujua ni nani alikuwa ndani! Na tukumbuke Aprili 2019. Boti ilizama upande wa Kalehe, rais akaja, akasema jile ziwe lazima kwa kila msafiri. Miaka mitano imepita. Amri ilifika. Je, jile zenyewe, na franga ya kuzinunua, zilifika?

Sasa hesabu. Watatuambia hakuna pesa. Tuangalie.

Ya kwanza. Tangu 2008 kuna FONER, mfuko wa kutunza barabara. Kila litre ya esanse tunayoweka ndani ya moto inauchangia, kila peaji inauchangia. Injini ya boti nayo inakunywa mafuta yaleyale. Lakini mfuko huo ni wa barabara tu. Mtu wa ziwa analipa, halafu hakuna kinachorudi ku ziwa.

Ya pili. Katiba ya 2006, artikle 175, inasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na jimbo liikate palepale, lisingoje Kinshasa itume. Sheria ya 2008 inaongeza: katika hiyo sehemu ya jimbo, 40% ni ya miji, komine, sekta na sheferi. Yaani kwa kila franga 100, jimbo linapaswa kuona 40, na kati ya hizo, 16 zifike kwa bourgmestre na kwa mwami. Tangu 2006 mpaka leo, hazijawahi kufika zote. Artikle 181 nayo inaweka 10% kwa Kese ya taifa ya kusawazisha majimbo, kwa miradi. Hiyo ni haki iliyoandikwa, si zawadi ya mtu.

Ya tatu. Programu ya teritware 145. Awamu ya kwanza ilikuwa ya shule, vituo vya afya na majengo ya utawala. Ni vizuri, hatukatai. Lakini Idjwi ni kisiwa. Mgonjwa wa Idjwi anayetumwa Bukavu anatoka ndani ya kituo kipya, anaenda kungoja boti ndani ya matope.

Wengine watasema: kuna vita, sasa si wakati. Sisi tunasema kinyume. Juu vita vimefunga barabara, ziwa limekuwa barabara yetu. Huwezi kumuacha mtu bila mlango mmoja, halafu ukatae kutengeneza mlango unaobaki.

Basi tunaomba nini? Hakuna anayeomba metro hapa. Tunaomba mambo matatu.

Moja: guvernere atangaze kila mwezi, ku karatasi na ku redio, franga ngapi zimetoka Kinshasa na ngapi zimepewa kila komine na kila sheferi.

Mbili: budjeti ya jimbo ya 2025 iwe na mstari wa safari nzima. Komine au sheferi inayoleta mradi wa kuunganisha ziwa, barabara na mguu ipewe msaada: gati na ngazi, paa la kungojea, taa, jile, mfereji ku mupando, parkingi ya moto. Vitu vidogo, mahali pamoja.

Tatu: hakuna msaada bila masharti. Hakuna boti kutoka bila orodha ya abiria na jile kwa kila mtu. Bei ya kazi ibandikwe ku ukuta. Na kamati ya kuangalia iwe na mama wa soko, mwenye boti, mbeba mizigo na motari, si watu wa ofisi peke yao.

Na sisi wenyewe, tusijidanganye. Ni sisi tunaobeba watu watatu ku moto moja. Ni sisi tunaopanda boti iliyojaa, tukisema Mungu atasaidia. Kuanzia wiki hii, wenzetu watakaa ku bandari za Bukavu, watahesabu abiria na jile, na hesabu hiyo tutaileta hapa. Mwenye diploma bila kazi anajua angalau kuhesabu.

Kikao cha budjeti kule Kinshasa kinafungwa tarehe 15 Desemba. Kabla ya siku hiyo, barua yetu itakuwa mikononi mwa wabunge waliochaguliwa hapa. Wasipojibu, tutaenda kukaa chini mbele ya asemble ya jimbo, bila jiwe, bila tusi, tukiwa tumevaa jile. Kila mtu aje na yake. Asiye nayo, aje hivyohivyo, waone ni wangapi hawana.