Mzee Mmoja, Ofisi Nne



Mwaka 2003 Serikali ilipitisha Sera ya Taifa ya Wazee. Sera hiyo inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi, nayo yatamka kwamba mzee asiye na uwezo atibiwe bila malipo. Shabaha hiyo haina mpinzani. Linalosumbua ni nani hasa mwenye wajibu wa kuifikisha mlangoni kwa mzee.

Chukua mfano wa bibi mwenye magoti yanayouma, chakula cha kubahatisha na wajukuu wawili walioachwa na marehemu mwanawe. Kwake hayo yote ni maisha yake mamoja. Yakifika ofisini hugawanywa. Magoti ni ya mganga wa zahanati. Njaa ni ya TASAF, iwapo kaya yake imeandikwa katika mpango wa kunusuru kaya maskini. Matunzo na migogoro ya jamaa ni ya afisa ustawi wa jamii. Na kama marehemu mumewe alikuwa mtumishi wa Serikali, madai yako PSSSF, mfuko ulioundwa mwaka 2018 kwa kuunganisha mifuko iliyotangulia. Kila mpaka kati ya ofisi hizo una sababu yake. Ila anayeivuka mipaka hiyo ni bibi mwenyewe, fimbo mkononi, na kila mlango humdai karatasi.

Suala la karatasi lastahili kutazamwa kwa makini. Wengi waliozaliwa vijijini kabla ya Uhuru hawana cheti cha kuzaliwa. Umri wao hukumbukwa kwa mwaka wa njaa fulani, au kwa rika walilotahiriwa nalo. Wanaoijua kumbukumbu hiyo ni majirani na baraza la wazee. Karani wa hospitali ya wilaya hawezi kuijua. Basi umri na ukosefu wa uwezo vithibitishwe kijijini, mara moja, na uthibitisho huo uheshimiwe na ofisi zote. Kumtaka mzee alete barua mpya kwa kila huduma ni kumgeuza tarishi wa Serikali, tena tarishi asiye na mshahara.

Zanzibar imeonyesha jinsi jambo hili linavyoweza kurahisishwa. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kulipa pensheni jamii ya shilingi 20,000 kwa mwezi kwa wazee waliotimiza miaka 70, wawe waliwahi kuajiriwa au la, kwa fedha za bajeti yake yenyewe. Kiasi hicho kilikuwa kidogo. Lakini mzee hakutakiwa kuuthibitisha umaskini wake mbele ya mtu. Yaliyobaki kuulizwa yalikuwa umri na makazi, na hayo sheha huyafahamu. Mwaka 2020 ikafuata sheria maalum ya wazee.

Makazi ya wazee, kama Nunge huko Kigamboni na Kolandoto huko Shinyanga, yanawafaa wasio na ndugu kabisa. Walio wengi wamo majumbani mwao. Bango la kumtanguliza mzee kwenye foleni ya hospitali nalo ni jema. Lakini mzee aliyetangulizwa, kisha akaambiwa dawa akanunue dukani, ametangulizwa kwenda kunyimwa.

Hapa mwalimu anahusika kuliko anavyodhani. Mtoto anayelelewa na bibi yake akikosa shule siku tatu mfululizo, mara nyingi bibi ndiye mgonjwa. Mwalimu wa darasa hulijua hilo kabla ya ofisi yoyote. Mara nyingi habari hiyo huishia kwenye daftari la mahudhurio kama utoro, na mtoto huadhibiwa kwa kumwuguza mlezi wake. Ingepelekwa siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji, naye akamjulisha mganga na afisa ustawi wa jamii, mzee angefikiwa angali na nguvu za kusimama.

Kazi hiyo haihitaji wizara mpya. Yahitaji daftari moja la wazee katika kila kijiji, na mtumishi mmoja anayejulikana kwa jina kuwa ndiye mwenye dhamana ya kulifuatilia. Kata nyingi hazina afisa ustawi wa jamii. Zilizo naye, mara nyingi hana usafiri. Halmashauri zinapopanga bajeti, mafuta ya pikipiki yake yaandikwe kwenye fungu linalolipwa kwanza.